Ukoma Nisiokuwa Nao

Siku hiyo vidole vyangu havikuwa na nguvu hata ya kukamua kitambaa cha mtoto, lakini lile benchi nililiinua. Nililiinua upande mmoja, nikalisukuma kwa nyonga, likabiringika mpaka kwenye mtaro wa maji ya mvua na kulala humo miguu juu. Foleni yote ya dispensari ikageuka kutazama. Kisha mama mmoja mwenye kikohozi akasema, "Yesu na Maria! Kumbe wakoma wana nguvu hivi!" Watu wakacheka.

Bwana Dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa wetu, akatoka na bomba la sindano mkononi.

"Justina, hiyo ni mali ya serikali."

"Na mimi ni mali ya nani?"

"Nitakushtaki barazani."

"Nishtaki. Twende hata sasa hivi."

Benchi hilo lilikuwa limewekwa nyuma ya jengo, karibu na choo, kwa ajili ya watu wenye ukoma. Mimi sina ukoma. Nilikuwa nimetoka hospitali ya misheni na cheti cha daktari kinachosema hivyo. Nilikuja kuomba aspirini, maana zangu zilikuwa zimekwisha na magoti yamevimba kama maboga. Nilikuja pia kumwomba Bwana Dresa aseme neno moja kwa mdomo wake, kwamba alikosea. Bila neno hilo mama mkwe wangu asingenirudishia mtoto. Nilimpa cheti, hakukifungua. Akaniambia mbele ya watu, "Daktari wenu wa misheni anajua magonjwa ya Wazungu. Mimi najua ya watu wa hapa. Kaa kule." Nikaenda kule, na badala ya kukaa nikafanya nilichofanya.

Naandika haya kwa sababu maumivu makali kabisa yamepita. Shauri langu halijapita, lakini mwili umetulia kiasi cha kunipa nafasi ya kushika kalamu. Najua yuko mama mahali fulani, Ndama au Nkwenda au kokote, anayeamka asubuhi hawezi kukunja vidole, anajikuna mpaka anatoka damu na ngozi haina hata kipele kimoja, na watu wa nyumbani wameanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Huyo ndiye ninayemwandikia. Wengine wakisoma, wasome.

Yalianza msimu wa kuchuma buni. Kemilembe, mwanangu wa kwanza, alikuwa bado hajaweza kukaa. Wakati wa mimba nilikuwa mzima kuliko nilivyopata kuwa. Nilipanda na kushuka vilima vya Ihanda na mtungi kichwani, nikiimba. Kisha asubuhi moja niliamka nikakuta vidole vimekakamaa. Nilidhani nimevilalia. Jua lilipopanda vikalegea, nikasahau. Kesho yake vilevile. Vikafuata viwiko vya mikono, magoti, nyayo. Kukanyaga sakafu asubuhi ikawa kama kukanyaga kokoto. Nilishindwa kufunga fundo la nguo ya kumbebea mtoto. Mama mkwe alinifungia huku akicheka.

"Vidole vya sekondari hivi. Vinajua kalamu, vinaogopa ndizi."

Nilicheka naye. Siku hizo bado tulikuwa tunacheka. Kweli nilikuwa nimefika darasa la kumi, na katika ukoo ule hakukuwa na mwanamke mwingine aliyevuka la nne, kwa hiyo kila nilichoangusha, chungu au kisu, kiliangushwa na shule.

Kuwashwa kulikuja mavuno yalipokuwa yanaisha. Kulianzia katikati ya mgongo, kukashuka mikononi. Sina namna nzuri ya kukueleza, ila nitasema hivi: upele ukiukuna unapata raha kidogo. Kuwashwa huku, nikikuna ndiyo kwanza kunaamka. Ngozi ilikuwa safi, hakuna kipele wala uvimbe. Baada ya hapo ukaja moto. Nimekaa tu nachambua maharage, mara mshipa mmoja unawaka toka kiwikoni hadi kidole cha mwisho kama umepitishiwa kaa, halafu ganzi. Nilikuwa napiga kelele na watu wakikimbia kuja, hakuna cha kuwaonyesha. Ugonjwa usioonekana unachosha watu haraka. Mara ya kwanza wanakimbia, mara ya pili wanatembea, halafu wanauliza wakiwa wamekaa, "Ni kile kile?"

Kulikuwa na kitu kimoja kilichonisaidia, nacho nakupa bure. Jani la mgomba lililokatwa alfajiri likiwa bado na umande, ulale kifudifudi utandikiwe mgongoni, ule upande wa ndani uguse ngozi. Linapoza. Mume wangu, Felisiani, alikuwa anapima kahawa kwa mwenye duka mmoja Nkwenda, akirudi Jumamosi na kuondoka Jumatatu. Kila Jumatatu kabla ya kupanda baiskeli alikata majani, akanilaza, akanitandikia mgongoni. Hilo nampa. Mengine simpi.

Dispensari walinipa kwanza dawa ya salfa, ya upele, nijipake mwili mzima. Nyumba nzima ikanuka kama kiberiti kilichoungua, na Kemilembe akawa anageuza uso akinusa ziwa. Kiangazi kizima nilijipaka. Halafu sindano, sikuambiwa za nini. Halafu mama mkwe akamleta bibi mmoja wa kunichanja viungoni kwa wembe na kupaka majivu ya mizizi. Makovu ninayo mpaka leo. Kuwashwa kulipita katikati yake bila kujali.

Mvua zikarudi, senene wakaanza kuanguka. Watoto wa kijiji walikuwa wanakimbia huku na huku na vikapu, na mimi nilikwenda dispensari nikitembea kama bibi kizee. Bwana Dresa aliniangalia mikono kwa muda mrefu siku hiyo. Vidole vilikuwa vimeanza kupinda kuelekea upande wa nje. Viwiko vilikuwa na makovu ya wembe, na ngozi ya mikono ilikuwa na mabaka kwa sababu ya kukuna. Akachukua pini.

"Fumba macho. Nikichoma, sema."

Nikafumba. Nikangoja.

"Umesikia?"

"Bado hujachoma."

"Nimechoma vidole vinne."

Nikafumbua. Kweli kwenye ncha ya kidole gumba palikuwa na kijitundu. Akarudia, nami nikiangalia kwa macho yangu pini inaingia na mimi sisikii. Akaiweka pini mezani, akanawa mikono, na aliponawa ndipo nilipojua.

"Mama, hii ni ukoma," alisema, wala hakushusha sauti. Dirisha lilikuwa wazi na foleni ilikuwa hapo nje.

Nilifika nyumbani habari ikiwa imenitangulia kwa baiskeli. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na Kemilembe mgongoni mwake. Maziwa yangu yalikuwa yamejaa, nimetoka tangu asubuhi.

"Mama, nipe mtoto anyonye."

"Hanyonyi tena."

"Nani amesema?"

"Mimi. Dada yangu alipelekwa kule kambi ya wakoma nikiwa msichana. Alikwenda na mtoto wake mgongoni, hakurudi hata mmoja. Wewe nenda, mwanangu, nitakuombea. Huyu hutamchukua."

Alikuwa analia akisema hayo. Nimwandikie haki yake: alimchukua mtoto kwa hofu, si kwa chuki. Nilijua hivyo wakati ule ule, na haikunisaidia chochote.

Felisiani alipokuja Jumamosi nilimngoja nje ya ua.

"Sema kitu kwa mama yako."

"Tusubiri kidogo, Justina."

"Tusubiri nini? Maziwa yakauke?"

"Mama ameyaona haya. Sisi hatujayaona."

"Wewe umenioa mimi au umemwoa mama yako?"

Akatazama gurudumu la baiskeli kama lina pancha.

Nilihamishiwa kibanda cha mbuzi mwisho wa kibanja chetu cha migomba, nikapewa chungu changu, kata yangu, kisu changu. Ilisemekana lori la kambini litakuja kunichukua. Mvua zikakata barabara, lori halikuja, na kila mtu akawa anangoja, mimi nikingoja kuliko wote. Maziwa yalikuwa mawe. Niliyakamulia ukutani, na vidole vyenyewe haviwezi kukamua, kwa hiyo niliegemea ukuta nikasukuma kwa mkono mzima. Nilimsikia Kemilembe akilia upande wa pili wa migomba. Baadaye nikasikia ameacha kulia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Kuna siku sitaisahau. Wageni walitoka Muleba, ndugu za baba mkwe marehemu, watu wakubwa wa kanisani, na mtoto mmoja. Desturi yetu mnaijua: mgeni akishakaa, kabla ya maneno mengine, mke wa nyumba hupiga magoti na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Niliwaona toka kibandani wameketi bila kupewa kitu, maana mama mkwe alikuwa amekwenda mtoni. Nikajisemea, mimi bado ni mke wa nyumba hii. Nikanawa, nikavaa gauni la Jumapili, nikachukua kikapu ukutani na kuingia. Kupiga magoti kwa magoti yale kulinichukua muda, na wote walinitazama nikishuka.

"Karibuni, waitu, wakubwa wetu. Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu, marahaba," mzee wa kwanza akajibu, mikono ameificha chini ya koti. "Lakini tumekwisha kutafuna njiani."

Nikamsogezea wa pili.

"Tumetafuna njiani."

"Nyote?" nikauliza. "Mpaka mtoto huyo?"

Kunyanyuka sikuweza, kwa hiyo nilikaa pale pale sakafuni mbele yao, nikaanza kutafuna kahawa ile mwenyewe, buni moja baada ya nyingine, huku nawatazama. Nilitafuna mpaka kikapu kikabaki kitupu. Walikuwa wanatazama dari. Mama mkwe aliporudi alikuta wageni wake wako uani wamesimama kwenye manyunyu, na mimi bado niko chini natafuna.

Masika yalipita, barabara ikakauka, na kabla ya lori akaja kaka yangu Deo kutoka Ndama. Alikuwa amesikia habari sokoni, akampiga mtu mmoja, halafu akaja kuuliza kama ni kweli. Aliingia kibandani akiwa ameinama, akakaa kitandani kwangu, akanywa maji kwenye kata yangu. Mimi nikaanza kulia kwa sababu ya ile kata.

"Acha kulia, panda baiskeli," alisema. "Kuna lori la kahawa linaondoka alasiri, litatufikisha kwa daktari wa misheni. Nikikuangusha njiani usiseme ni mimi. Sema ni Felisiani, yeye amezoea."

Hospitali ya misheni ilikuwa na baraza ndefu ya saruji, na hapo ndipo nilipojifunza kungoja. Unafika, unawekwa nyuma ya mtu fulani, na mtu huyo anakuwa jamaa yako. Wangu alikuwa mama mnene kutoka upande wa Kyerwa mwenye jipu mguuni. Aliniuliza nina nini. Nikamwambia kila kitu, na pini pia. Hakusogea hata kidogo. Akatoa pini kwenye blauzi yake.

"Nichome na mimi."

"Mama, acha utani."

"Nichome, nasema. Nimechoka kukaa bure hapa tangu asubuhi."

Nikamchoma ncha ya kidole gumba. Alikuwa anatazama bustani.

"Haya, choma basi."

"Nimekwisha kuchoma."

Akageuka, akaangalia kidole, akaanza kucheka mpaka jipu likamuuma. Alimwita jirani yake, tukamchoma naye. Yeye aliruka alipochomwa kiganjani, lakini ncha ya kidole gumba, hakuna kitu. Mbele yetu alikaa msichana aliyelelewa kwa masista, vidole vyake laini. Yeye tulipomchoma alitutukana.

Hapo ndipo nilipotazama mikono ya wanawake wote wa baraza ile. Tunamenya ndizi tangu tukiwa na miaka sita, saba. Kila siku, kisu kile kile, mahali pale pale pa kidole, na utomvu unaingia na kukaukia humo mpaka ncha zinakuwa nyeusi na ngumu kama kisigino. Pini itasikika wapi? Na Bwana Dresa ni mtu wa Bukoba, amekula ndizi maisha yake yote. Lakini mwanamume wa kwetu hamenyi ndizi. Hajawahi kushika kidole cha mama yake akakitazama. Ganzi ya mshipa wangu ilikuwa kwenye kidole cha mwisho, na hicho hakukigusa.

Daktari alikuwa mama wa Kizungu, Kiswahili chake kibovu, mikono yake ya baridi. Alinigusa kila mahali kwa pamba, si vidoleni tu. Alinikata kidogo kwenye ndewe ya sikio, akachukua majimaji, akaenda kuyatazama kwenye darubini. Tulingoja mpaka siku iliyofuata. Deo alilala chini ya mti wa uani na wagonjwa wakamfanya mtumishi wao wa kuchota maji.

"Hakuna ukoma," daktari alisema. "Viungo, hii ni baridi yabisi. Si ya wazee tu, kina mama wakishazaa huwapata pia. Haitakwisha, lakini tutaipunguza."

"Na kuwashwa? Na huu moto?"

Akakuna shingo kama namwambukiza.

"Hilo sijui."

Nilikasirika. Nilisema maneno ambayo Deo aliona haya kuyasikia. Safari yote hiyo, ili niambiwe sijui! Sasa naona tofauti. Wote waliotangulia walijua, na kila aliyejua alinichukulia kitu. Huyu hakujua, akaniacha na vyote.

Nilikaa pale kiangazi chote. Vidonge vya aspirini vingi mpaka masikio yakalia kama nyenze. Kila asubuhi mikono kwenye nta ya uvuguvugu, usiku imefungwa kwenye vibao isizidi kupinda. Iliyopinda imebaki hivyo. Kuwashwa kulipungua kwenyewe, bila sababu, kama kulivyokuja. Hurudi, hasa nikichoka au mvua ikikaribia. Nimeacha kuuliza kunatoka wapi. Maji ya vuguvugu asubuhi kabla ya kazi, jani la mgomba, kucha fupi. Na usikubali mtu mmoja akupe jina la ugonjwa peke yake, dirisha likiwa wazi.

Niliporudi Ihanda, Kemilembe alikuwa anatembea. Aliniona, akakimbilia sketi ya bibi yake. Nilinyoosha mikono, akaitazama ilivyo, akapiga yowe. Nilimsomea mama mkwe cheti mara mbili, polepole, na Felisiani amesimama pembeni akitingisha kichwa kukubali kila sentensi.

"Nimesikia," mama mkwe alisema. "Lakini karatasi si mtu. Aliyesema una ukoma ni Dresa, na alisema watu wote wakisikia. Aseme yeye kwamba huna, wasikie hao hao. Siku hiyo nitakupa mtoto kwa mikono yangu."

"Na akikataa?"

"Kwa nini akatae, kama ni kweli?"

Kwa hiyo nilikwenda, na kama mlivyokwishasikia, alikataa. Jioni ile Deo alikuja kuniambia kwamba Bwana Dresa ameandika mashtaka ya benchi na atayapeleka barazani kwa Mwami, chifu mdogo wa gombolola letu, siku ya kusikiliza. Niliomba taa, nikafunga kalamu kwenye vidole kwa kitambaa, nikaandika yangu. Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa karani. Akasogeza kidau cha wino nipige dole gumba. Nikamwambia asome kwanza, kwa sauti, mpaka mwisho. Alisoma hivi:

"Kwa Mwami na Wazee wa Baraza la Gombolola.

Mimi, Justina, mke wa Felisiani, mkazi wa Ihanda, namshtaki Dresa wa dispensari.

Alinitangaza kuwa mkoma mbele ya watu, kwa kunichoma pini kwenye ncha za vidole, ambazo kwa mwanamke yeyote anayemenya ndizi hazisikii. Baraza likitaka ushahidi, wazee wawachome wake zao nyumbani kabla ya siku ya shauri, waje na majibu. Daktari amenipima na kuandika kwamba sina ukoma. Dresa alipewa maandishi hayo na akakataa kuyasoma. Benchi analodai nimeliharibu, ni kweli nililitupa, na nitajibu kwa hilo nikiitwa.

Sidai fidia. Naomba baraza limwamuru asimame siku ya soko, mahali penye watu wengi kama waliokuwapo siku ile, aseme kwa sauti ile ile kwamba alikosea. Naomba pia iamriwe kwamba dresa asimtenge mama na mtoto anayenyonya kabla daktari hajampima mama huyo.

Kwa neno lake mwanangu Kemilembe alitolewa kwangu kabla hajatambaa, na hadi leo hajarudishwa, ingawa tunalala ua mmoja. Mtoto huyo sasa anasema. Bibi yake anamwita Mama. Mimi ananiita Justina, kama anavyosikia watu wakiniita. Kwa hili sijui kama baraza lina uwezo wowote. Nimeliandika ili liwemo."